Godoro Kando ya Shimo

Kwanza nilieleze shimo lenyewe, maana asiyelijua shimo lile hatamjua mama yangu.

Bomba la maji lilipasuka mbele ya lango letu, hapa Thabaneng, wakati wa baridi ya mwaka juzi. Watu wa maji wakaja, wakachimba, wakaziba bomba, wakazungushia utepe mwekundu na mweupe, wakapanda gari lao wakaenda zao. Kazi yao, walisema, ni bomba. Barabara ina wenyewe. Wenye barabara walipopigiwa simu wakasema hawawezi kugusa shimo la watu wa maji mpaka watu wa maji watamke kwamba wamemaliza. Watu wa maji wakasema wamemaliza zamani, kwani nani haoni? Shimo likabaki pale kama mtoto wa wazazi walioachana, kila mmoja akiamini analishwa na mwenzake.

Mama aliukata ule utepe akaufungia miche yake ya nyanya. Alisema angalau kitu kimoja cha manispaa kifanye kazi.

Mvua zikaja, zikalila shimo kingo zake. Likatambaa kutoka langoni kwetu mpaka karibu na ukuta wa Mzee Rantsho, jirani wa ng'ambo, ambaye gari lake liliingia humo Jumapili moja akitoka kanisani na suti yake nyeupe. Tulimvuta kwa kamba. Tangu hapo hakuna gari lililopita mbele ya nyumba yetu. Yote yaliishia kwenye kona, na sisi tukawa watu wa kubeba mifuko ya unga kichwani kama wanakijiji, na tuko mjini.

Kila Jumatatu Mama alipiga simu manispaa. Aliiweka simu juu ya kabati, sauti ikiwa wazi, akasonga ugali huku muziki wa kusubiri ukilia. Ugali uliiva kabla hajajibiwa. Aliuzoea muziki ule hata akawa anauimba akifagia barabara, maana alifagia, shimo lisimtishe: alifagia upande wa huku, akazunguka, akafagia upande wa kule. Akijibiwa hupewa namba ya malalamiko na kuambiwa asubiri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia ufa ukiwa na ofisi mbili nani aushike mwiko.

Halafu Mama akaugua. Gari la wagonjwa lilisimama kwenye kona, likashindwa kuja. Tulimbeba katika blanketi, mimi na Mzee Rantsho na wanaume wawili wa mtaa, tukapita ukingoni mwa shimo kwa kunyatia, miguu ikiteleza. Mama akalitazama shimo, akanitazama mimi.

"Puseletso," akasema, "kurudi nitapita hapa hapa. Kwa lango langu."

"Utapita, Mama."

"Usinidanganye kama unavyomdanganya mgonjwa."

"Sikudanganyi."

Hakurudi na pumzi. Alifia hospitali Jumapili, na neno langu likabaki shingoni mwangu.

Niseme kwa nini lango lilikuwa jambo kubwa hivyo. Kwetu marehemu hurudi nyumbani Ijumaa kabla jua halijazama, anaingia kwa lango lake, analala na watu wake usiku ule wa mwisho, kesho asubuhi anatoka kwa lango hilo hilo kwenda makaburini. Baba yangu hakupata hayo. Alifariki mwaka ule wa vurugu, vijana walipokuwa wamechimba handaki kukata mtaa huu ili magari ya askari yasipite. Gari la maiti nalo halikupita. Askari wakakataza jeneza lisibebwe kwa mikono, wakaamuru lipelekwe makaburini moja kwa moja. Mama alisimama langoni na mshumaa mpaka giza likaingia, akimsubiri mtu ambaye tayari alikuwa chini ya udongo. Nilikuwa mdogo, nimeshika sketi yake. Hakuwalaumu vijana, walikuwa na sababu ya kuchimba. Ila aliapa kwamba yeye hatafanyiwa hivyo.

Sasa safari hii shimo halikuchimbwa kumzuia askari yeyote. Lilichimbwa na watu wanaolipwa kwa kodi yetu, likaachwa kwa uvivu tu. Hilo ndilo lililonichoma.

Jumatatu akaja Mzee Tladi wa kampuni ya mazishi, mtu mpole, viatu vinang'aa hata penye tope. Akalizunguka shimo, akatikisa kichwa.

"Gari langu ni refu, dada yangu. Hapa halipiti. Tungebomoa ukuta wa nyuma kidogo, tumwingize kwa kupitia uwanja wa jirani..."

"Bomoa wa kwako!"

Sauti hiyo ilitoka dirishani. Ilikuwa ya Shangazi Selloane, dada yake Baba, ambaye ndiye aliyekalia godoro. Chumba cha kulala cha Mama kilikuwa kimeondolewa kila kitu, kioo kimefunikwa, na Shangazi ameketi chini kwenye godoro, blanketi mabegani, mshumaa pembeni. Mwenye godoro hatoki hata kwenda dukani, hacheki, hapandishi sauti, mpaka maiti azikwe. Hayo ya kutotoka na kutocheka Shangazi aliyashika vizuri.

"Mwenye nyumba hatolewi kwa nyuma kama mwizi wa kuku," akaendelea. "Kaka yangu alizikwa kama mbwa. Wifi yangu atapita langoni. Puseletso!"

"Abee, Shangazi."

"Mimi nimefungwa hapa. Wewe una miguu. Itumie."

Niliitumia. Jumanne nilikwenda ofisi ya watu wa maji, wakanituma ofisi ya barabara. Nikadhani ni safari ya basi, kumbe ni jirani: ofisi mbili, uwanja mmoja, katikati waya wa uzio uliotobolewa tundu na watu wanaopita kwenda kununua chai. Nilipigwa danadana asubuhi nzima. Huku wanasema, "Mama, subiri wa kule watamke." Kule wanasema, "Dada, bila wa huku kutamka hatuna mamlaka." Nilipita kwenye lile tundu mpaka kitambaa changu cha msiba kikachanika.

Jumatano nikarudi. Wembe ni ule ule, ila safari hii nilikuja na akili nyingine. Nilimshika mkono kijana wa maji aitwaye Tankiso, aliyekuwa anakula chipsi, nikamburuta mpaka kwenye uzio. Kisha nikamwita msimamizi wa mafundi wa barabara upande wa pili, mtu mzima mwenye kofia ya kijani, jina lake Seabata. Akaja akidhani ninauza kitu.

"Huyu ni mtu wa maji," nikasema. "Huyu ni mtu wa barabara. Salimianeni."

Wakatazamana.

"Tunafahamiana, dada," akasema Seabata. "Huyu anaimba kwaya na mke wangu."

"Sauti ya nne," akasema Tankiso, mdomo umejaa.

Mungu wangu! Nilitamani kuwagonganisha vichwa. Miezi yote ile Mama akisikiliza muziki wa simu, kumbe wanaotakiwa kusemezana wanaimba pamoja kila Jumapili.

"Basi wewe mwambie mwenzako mmemaliza," nikamwambia Tankiso. "Sasa hivi. Nasikiliza."

"Si kwa mdomo tu, dada. Lazima mtu alione bomba."

"Nenda kalione!"

"Lazima shimo liwe limefunguliwa vizuri na watu wa barabara, tope litolewe..."

Nikaanza kulia. Sikupenda, lakini nililia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Seabata akavua kofia. Akaniuliza msiba ni wa nani, mazishi lini. Nikamweleza kila kitu, na lango, na Baba.

"Dada yangu," akasema, "nakuahidi mimi Seabata. Kabla ya Jumamosi utaniona."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Shangazi. Akakuna goti.

"Ahadi ya manispaa," akasema, "ni kama mimba ya nyumbu. Hata akinenepa usishone nguo za mtoto. Niitie Rantsho."

Mzee Rantsho ndiye kiongozi wa chama cha kuzikana cha mtaa wetu. Wanaume wake ndio hushika makoleo tunapofiwa, na hawajui maneno "njoo kesho", kwa sababu maiti hana kesho. Alhamisi asubuhi walikuja wakiwa na toroli, mchanga aliokuwa anajengea mmoja wao, matofali yaliyovunjika, na gogo la kushindilia. Walifanya kazi huku wakiimba nyimbo za makaburini, kwa kuwa hizo ndizo wanazozijua koleo likiwa mkononi. Walijaza, wakashindilia, wakamwagia maji, wakashindilia tena. Jioni Mzee Rantsho akawasha gari lake, akajifunga mkanda kama rubani, akapita polepole juu ya lililokuwa shimo. Halikuzama hata kidole. Akarudi kinyumenyume, akapiga honi. Kina mama waliokuwa wanakata kabichi chini ya turubai wakapiga vigelegele, kisha wakakumbuka ni msiba wakajishika midomo.

"Nini hicho?" Shangazi akauliza kutoka ndani.

"Limezibwa, Shangazi! Mzee Rantsho kapita nalo gari!"

"Asipite tena. Amwachie mwenyewe."

Usiku ule nililala usingizi wa kwanza tangu Jumapili.

Ijumaa asubuhi tulikwenda na wanawake wa ukoo kumwosha Mama na kumvika. Nilimvalisha sare yake ya kanisa, nikamfunga kola, nikamnong'oneza, "Njia iko safi." Mzee Tladi akasema atamleta alasiri. Nilipanda gari kurudi nyumbani moyo mweupe, wa kwanza kabisa, nikahakikishe viti vimepangwa.

Kwenye kona niliona lori la manjano.

Sikuamini miguu yangu iliponifikisha. Shimo lilikuwa wazi. Si wazi kama zamani, bali zaidi: limechongwa kingo nne zikanyooka, refu, la kina, na udongo wetu wa Alhamisi, mchanga wa watu, matofali ya watu, yote yamelundikwa kando. Mafundi walikuwa wanafuta makoleo yao. Na mbele yao, na kofia yake ya kijani, amesimama Seabata, anatabasamu.

"Dada! Nilikuahidi, umeona? Nimekuja."

"Umefanya nini?"

"Tumefungua vizuri. Kuna watu walikuwa wamejaza takataka humo, sijui akina nani..."

"Akina sisi!" Mzee Rantsho alikuwa amekaa kwenye ukuta wake, macho mekundu. "Nimemwambia, Puseletso! Nimemwambia mpaka sauti imekauka. Anasema hawezi kuweka lami juu ya kazi ya mtu asiyejulikana. Mimi! Nimezaliwa mtaa huu!"

"Ndivyo utaratibu ulivyo, mzee," akasema Seabata, na tabasamu sasa linamtoka polepole. "Ukijaza bila kokoto lami itabonyea. Tulikuwa tuletewe kokoto saa nne, tujaze, tupake, tumalize. Lakini lori la kokoto..."

"Lori la kokoto limefanya nini?"

"Limepelekwa barabara ya kwenda ukumbini. Kuna wageni wakubwa wanakuja. Litaletwa Jumatatu."

"Jumatatu."

"Na leo ni Ijumaa, dada, magari yanatakiwa yawe yamerudi yadi mchana. Pole sana. Mimi mwenyewe inaniuma."

Nadhani ilimuuma kweli. Hiyo ndiyo inayoudhi zaidi: mtu mbaya unaweza kumtukana ukapumua, lakini huyu alikuja kwa wema, akatimiza ahadi, na kwa kutimiza akaniharibia kila kitu. Nilisimama mbele ya lori nikatandaza mikono. Nikasema watanikanyaga kwanza. Dereva akazima injini, akatoa kichwa dirishani.

"Dada, usituletee matatizo. Sisi ni watumwa tu."

"Mtumwa wa nani? Nionyeshe huyo bwana wako, nimlaze humu!"

Nikasema mengine ambayo mtu aliyetoka kumvika mamaye hapaswi kusema. Watu wakajaa. Mmoja ananituliza, mwingine ananichochea. Ndipo mtoto wa dada yangu akaja kunivuta gauni.

"Mama mdogo, Bibi anasema mbebe godoro."

"Godoro gani?"

"La msiba. Anasema lije huku nje."

Kelele zote zilikatika. Hakuna aliyewahi kuona godoro la msiba likitoka nje ya chumba kabla maiti hajazikwa. Wanawake wawili wakaingia ndani kumbembeleza Shangazi. Tukasikia sauti yake tu, chini chini, kisha wale wanawake wakatoka wamebeba godoro, mmoja huku, mmoja kule, nyuso zimewashuka. Nyuma yao akaja Shangazi Selloane, blanketi mabegani, miguu mitupu, mshumaa ndani ya kopo la jamu usizimwe na upepo. Hatua yake ni ya mtu wa miaka sabini na kitu aliyekaa chini siku nyingi, lakini hakushikwa mkono na mtu.

Akaonyesha kwa kidevu. Godoro likatandikwa ukingoni mwa shimo, mbele kabisa ya gurudumu la lori. Akaketi. Akaweka kopo la mshumaa kando. Akapanga blanketi lake bila haraka.

"Mkubwa hapa ni nani?"

"Mimi, mama," akasema Seabata. Kofia ilikwisha kumtoka kichwani, iko kifuani.

"Seabata wa wapi? Kwenu ni kina nani?"

"Bataung, mama."

"Watu wa simba. Nawajua, wana heshima. Hebu niambie, kwenu Bataung, mkichimba kaburi mnaliacha wazi mkaenda kula chakula cha mchana?"

"Hapana, mama. Ila hili si kaburi, hili ni..."

"Usinifundishe kaburi, mwanangu, nimewazika wengi kuliko umri wako." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama inavyompasa mwenye godoro, na watu wote walisogea ili wamsikie. "Nyumba hii ina maiti. Nyinyi mmekuja na makoleo, mmechimba shimo la urefu wa mtu mbele ya lango lake, mmelinyoosha pembe zote nne. Sasa mnataka kuondoka likiwa wazi mpaka Jumatatu. Nauliza swali dogo tu. Mmemchimbia nani? Mimi? Puseletso? Au mmoja wenu?"

Fundi mmoja aliyekuwa amesimama ndani ya shimo akatoka humo kwa kuruka.

"Kaburi lililo wazi haliachwi peke yake," akasema Shangazi. "Lazima mtu alikalie. Kwa kuwa nyinyi mna haraka, nimekuja kulikalia mimi. Nitalala hapa leo, kesho, kesho kutwa, mpaka hiyo Jumatatu yenu. Na wifi yangu atalala kwenye gari pale konani akinitazama. Nendeni. Chakula kitapoa."

Hakuna aliyekwenda. Dereva alichomoa ufunguo wa lori, akashuka, akamwekea Seabata mkononi.

"Mkuu, tafuta mtu mwingine wa kuliendesha. Mke wangu ni mjamzito, mimi silipiti shimo hilo."

"Na mimi mama yangu akisikia niliondoka hapa," akasema mwingine, "atanikana."

Wakakaa chini, mafundi wote, juu ya rundo la udongo wetu. Kina mama wakaleta masufuria na visu na kabichi, wakamzunguka Shangazi, wakaendelea kukata pale pale barabarani. Mtu akawaletea mafundi chai na mandazi, kwa sababu ni watu waliofika msibani, na aliyefika msibani hanyimwi chai hata kama yeye ndiye msiba wenyewe.

Seabata alisogea pembeni na simu. Alipiga, akabembeleza, akapiga tena. Kisha akarudi, jasho linamtiririka.

"Mama, bosi anauliza msiba huu ni wa nani hasa."

"Mwambie ni wangu," akasema Shangazi. "Na kokoto isipokuja utakuwa wake."

Sijui Seabata alifikisha maneno hayo au aliyapunguza makali. Ninachojua ni kwamba lori la kokoto liliondoka kwa wageni wakubwa likaja kwetu, na lori la lami likafuata nyuma yake likitoa moshi.

Lakini kabla ya kokoto kumwagwa, Seabata akainua mkono. Akasema, kwa aibu, kwamba bado hawezi, mpaka watu wa maji watamke. Nilidhani Mzee Rantsho atampiga. Simu ikapigwa kwa Tankiso, akaja na gari lake mwenyewe, amevaa nguo za kuchezea mpira, maana alikuwa ameshatoka kazini. Akaliona godoro, akaliona lile duara la wanawake na visu vyao, akashuka shimoni bila kuambiwa. Akafuta bomba kwa mkono, akaligonga, akalala kifudifudi akasikiliza.

"Zima," akasema.

"Sisikii," akasema Shangazi.

"Bomba ni zima, mama."

"Siyo hilo. Lile neno lenu. Litamke, wa barabara walisikie."

Tankiso akasimama humo ndani, tope mpaka kifuani, akavuta pumzi, akapaza ile sauti yake ya kwaya mpaka mtaa wa pili:

"Watu wa maji tumemaliza!"

Vigelegele safari hii hakuna aliyevizuia. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, nikifikiria zile Jumatatu zote, ule muziki, ule ugali. Neno lilikuwa fupi hivyo tu. Mama angeweza kufa akiwa amelisikia.

Wakajaza. Mafundi wa manispaa na wanaume wa chama cha kuzikana, bega kwa bega, na nyimbo zile zile za makaburini, maana mafundi nao walizijua. Kokoto tabaka baada ya tabaka, mashine ya kushindilia ikinguruma. Shangazi hakuinuka. Kila tabaka aliliangalia kama mtu anayeonja mchuzi. Kwenye kona gari la maiti lilikuwa limefika, taa zinawaka, na Mzee Tladi amesimama mlangoni mwake akiangalia jua, ambalo lilikuwa limekwisha gusa mapaa ya nyumba.

Lami ikamwagwa, ikasambazwa, ikashindiliwa mara moja. Hapo tu ndipo Shangazi alipokubali kuinuliwa. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Seabata mwenyewe ndiye aliyemshika kwapani, na dereva wa lori akabeba godoro kulirudisha chumbani.

"Sasa, dada," Seabata akaniambia, "nakuomba. Lami bado laini. Ikipitiwa sasa itabonyea. Gari lisubiri ipoe."

Nikatazama jua. Lilibaki kipande.

"Mama yangu amesubiri ya kutosha," nikasema.

Seabata alinitazama. Kisha akageuka, akavaa kofia yake, akaenda mwenyewe katikati ya barabara, akanyoosha mkono kumwita Mzee Tladi kama anavyoita askari wa barabarani. Gari refu jeusi likaja polepole, watu wamejipanga pande zote mbili, wanaimba. Likapita juu ya lami, likaingia langoni. Nilikuwa nimesimama pale pale alipokuwa amesimama Mama na mshumaa mwaka ule. Jua lilizama tukiwa tunamtoa garini. Alikuwa ameshafika.

Kesho yake mafundi wote walikuja kuzika, na masweta yao ya nyumbani, na Tankiso akaongoza sauti ya nne. Tuliporudi makaburini walinawa mikono langoni pamoja nasi.

Gari lile liliacha alama mbili. Ni mifereji miwili ya magurudumu, imezama katika lami kiasi cha kidole, inatoka katikati ya barabara, inakata kona, inaingia kwetu. Lami ilikauka nayo hivyo hivyo. Nafagia mbele ya lango kila asubuhi, na mvua ikinyesha maji hukaa humo, yanang'aa mistari miwili mpaka mlangoni.

Wiki iliyopita manispaa walituma watu. Sikuwapigia simu, sikuwaita. Walikuja wenyewe, wakashuka na mashine, wakasema barabara hii ina kasoro mbele ya nyumba yangu na wameagizwa kuisawazisha siku hiyo hiyo.

Nikaweka ufagio chini. Nikaingia ndani nikatoka na godoro.